Pale Baridi Inapolala

Oktoba 2024, miezi miwili baada ya Eldoret kupewa hati ya kuwa jiji, nilikuwa kwenye chumba changu Kapsoya nikiandika insha ya mwanafunzi wa Marekani ambaye sitawahi kumjua. Jioni hiyo mvua ya mawe ilikuwa imepiga mabati mpaka mtoto wa jirani akaanza kulia. Stima ikapotea. Simu ilikuwa na asilimia 31. Jiji, eti.

Kama hujui hii kazi, ni hivi. Mwanafunzi wa ng'ambo anapewa swali na mwalimu wake. Anamlipa mtu wa katikati, huyo wa katikati anamlipa mwingine, na mwisho kabisa wa mnyororo yuko kijana wa Kenya kama mimi, aliyeacha chuo kabla ya mwaka wa pili, akimsaidia mwenzake amalize cha kwake. Najua inavyosikika. Sijivunii, lakini kodi ya nyumba haiulizi unajivunia nini.

Swali la usiku huo lilikuwa kueleza jinsi wanasayansi wametafuta maji yaliyoganda kwenye sayari nyingine. Maneno 1,500, dola 12, iwe imefika saa kumi na mbili asubuhi. Kazi rahisi. Nilikuwa naendelea kusoma huku na kule, nikinakili tarehe, mpaka nikafika kwenye habari ya Juni mwaka huo huo: kwenye sayari ya Mirihi, juu ya milima mikubwa ya volkano iliyo eneo la ikweta, kumeonekana jalidi. Inatokea alfajiri, inakaa saa chache, jua likipanda inapotea. Wanasayansi walikuwa wameamini haiwezekani.

Jalidi, kwa wale wa Mombasa na Nairobi, ni ule weupe mwembamba wa barafu unaolala juu ya majani usiku wa baridi kali. Nilisoma hiyo habari mara tatu. Ikweta. Alfajiri. Weupe unaopotea. Nilikuwa nimeshaiona hiyo kitu kwa macho yangu, na ilikuwa imenigharimu chuo.

Insha ya yule mwanafunzi niliimaliza, nikalipwa. Hii hapa ni ile nyingine, ambayo hakuna aliyeniagiza.

*

Tuanze na barafu ya hapa karibu, maana utafutaji wake na ule wa Mirihi ni ndugu wa tumbo moja.

Tarehe 27 Aprili 1848, mmisionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann aliondoka Rabai, kule nyuma ya Mombasa, akielekea nchi ya Wachaga. Alikuwa mtu wa Church Missionary Society ya Uingereza. Silaha yake ilikuwa mwavuli. Kiongozi wake wa njia alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za misafara. Asubuhi ya tarehe 11 Mei wakauona mlima mrefu wenye kitu cheupe kileleni. Kwanza Rebmann alidhani ni wingu. Kisha akamuuliza Bwana Kheri, kile cheupe ni nini? Bwana Kheri akajibu kwa neno moja: baridi.

Rebmann aliandika katika shajara yake kwamba kiongozi wake aliita kile kitu "baridi" tu, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa na shaka kuwa ile ni theluji. Basi vitabu vya historia vikaandika kuwa Rebmann ndiye Mzungu wa kwanza kuripoti theluji ya Kilimanjaro, na Bwana Kheri akabaki kwenye kona ya ukurasa, mtu aliyekosa neno.

Hilo "tu" limenikaa kooni muda mrefu. Nitalirudia.

Wachaga wenyewe, walioamka kila siku chini ya huo mlima, walikuwa na neno. Kwenye safari yake ya pili mwaka huo huo, Rebmann alijifunza kwamba theluji wanaiita kibo, jina ambalo mpaka leo ndilo la kilele. Na wamisionari waliandika hadithi waliyosimuliwa: kwamba Mangi mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wapande wakaangalie ule weupe, akitumaini ni fedha. Baridi iliwamaliza karibu wote. Ilisemwa pia kwamba kile kitu kilichong'aa kama fedha, ukikiteremsha ndani ya chombo, unafika chini umebeba maji.

Soma hiyo tena taratibu. Unaona kitu cheupe kwa mbali. Una dhana yako. Unatuma watu kwa gharama kubwa. Wanaleta sampuli, sampuli inabadilika mikononi, na mabadiliko yale ndiyo jibu. Zaidi ya miaka 150 baadaye, mashine ya mamilioni ya dola ilifanya jaribio la aina hiyo hiyo kwenye Mirihi. Tutafika huko.

Tarehe 3 Desemba 1849, mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, alikuwa Kitui. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, alikuwa amemweleza juu ya mlima mwingine mweupe upande wa kaskazini. Krapf akauona, mbali sana, pembe mbili zikiwa na weupe juu yake. Huo ndio Mlima Kenya, ambao baadaye uliipa nchi yetu jina.

Sasa unafikiri London walifurahi? Wapi.

William Desborough Cooley alikuwa mtaalamu wa jiografia ya Afrika. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa amesoma maandishi ya Waarabu na ya Wareno kuliko watu wengi wa zama zake, na mwaka 1852 akatoa kitabu kizima juu ya Afrika ya ndani. Kitu kimoja tu: Afrika ya ndani hakuwahi kuikanyaga. Cooley alisema theluji kwenye ikweta haiwezekani, na kwamba alichokiona Rebmann alikiona akilini mwake, siyo kwa macho. Wengi waliomsikiliza wakaona ana hoja. Hata mimi nikimsoma naona ana hoja. Jua la ikweta linapiga utosini. Barafu itoke wapi?

Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alikwenda Kilimanjaro pamoja na mtaalamu wa miamba, Richard Thornton. Mwaka uliofuata akarudi na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia usiku. Cooley bado alidhihaki: theluji ianguke vipi, jua likiwa juu ya kichwa? Mtu amelala ndani ya theluji, na mwingine aliye London anamwambia hakuna theluji.

*

Kabla hujamcheka Cooley, nikupe habari za Cooley mwingine, wa Timboroa.

Nyanya yangu, mama yake baba, anaishi juu ya Timboroa, kilomita sabini hivi kutoka Eldoret ukishika barabara ya Nakuru na kupita Burnt Forest. Sisi Wakalenjin nyanya tunamwita Kogo. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na mstari wa ikweta uko kilomita chache tu kusini yake. Matatu ikifika pale, abiria wanafunga madirisha bila kuambiwa.

Shamba la Kogo lina mteremko na lina bonde. Kwenye mteremko anapanda waru. Bondeni anaacha nyasi za ng'ombe. Imekuwa hivyo tangu nipate akili. Nilipomaliza mwaka wa kwanza chuoni, karo ya mwaka wa pili ilikuwa haionekani upande wowote, na mimi nikapata wazo. Nikamwambia Baba, lile bonde limekaa bure. Udongo wake ni mweusi, maji yako karibu, rutuba yote ya mteremko inateremka kule. Nilikuwa nimesoma somo moja la udongo kwa muhula mmoja, na siku hiyo nililitumia lote.

Kogo alisikiliza mpaka mwisho. Akamwaga masalio ya chai, akasema, "Baridi hulala pale."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Baridi hulala pale," akarudia, vile mtu anavyomwelekeza mgeni mahali choo kilipo.

Nilicheka kwa adabu, kile kicheko cha kumwachia mzee aseme yake. Baridi ni baridi, nikamwambia Baba tukiwa wawili. Shamba ni moja, Mungu ni mmoja, mteremko na bonde vimeachana hatua mia mbili. Baridi itachagua vipi? Baba, ambaye aliacha shule darasa la saba na alikuwa akiniangalia kama mtu anayeangalia gari lake la kwanza, akakubaliana na mimi dhidi ya mama yake. Akakopa kwenye chama pesa za mbegu na mbolea.

Tulipanda Septemba. Kufikia Desemba bonde lilikuwa limechanua maua meupe na ya zambarau, na mimi nilishaanza kupiga hesabu za magunia. Kisha ukaja usiku mmoja wa mbingu wazi kabisa, nyota tele, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Kogo alitugongea dirisha kabla jua halijatoka.

Bonde lote lilikuwa jeupe. Ukikanyaga nyasi zinavunjika kama vioo vidogo. Ilikuwa nzuri kuangalia, hilo siwezi kukataa. Saa tatu jua lilikuwa limefuta weupe wote, na kama ungefika saa hiyo ungeapa hakuna kilichotokea. Saa nane majani yakawa meusi na malegevu, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Kule juu kwenye mteremko, waru za Kogo zilikuwa kijani vile vile.

Kogo hakusema "si nilikuambia." Alinipa jembe, tukafukua vile vidogo vilivyokuwa vimeanza kutunga, vikiwa kama gololi, tukala hivyo mpaka Krismasi. Januari sikurudi chuo. Deni la chama Baba alilimaliza miaka miwili baadaye.

Nilikuja kujua sababu nikiwa naandika insha ya mtu mwingine, bila shaka. Usiku usio na mawingu, ardhi inapoteza joto lake kwenda angani. Hewa inayoigusa ardhi nayo inapoa. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, kwa hiyo inateremka taratibu kama maji, inajaza mabonde, na upepo usipokuja kuichanganya, inabaki pale mpaka asubuhi. Inalala. Sentensi ya Kogo ilikuwa na fizikia yote ndani. Mimi ndiye niliyesikia "tu."

*

Turudi angani.

Watu wameona weupe kwenye ncha za Mirihi tangu karne ya 17, mara tu darubini zilipopata nguvu. Mwaka 1784 William Herschel, mwangalizi wa nyota wa Uingereza, alisema ule weupe ni barafu na theluji, kwa sababu unapanuka wakati wa baridi na kupungua wakati wa joto. Angalia: hakutegemea rangi peke yake. Alitegemea kwamba weupe unakuja na kuondoka.

Lakini nisikudanganye kwamba kila aliyeona alikuwa sahihi na kila aliyebisha alikuwa Cooley. Mwishoni mwa karne ya 19, tajiri Mmarekani Percival Lowell alijenga kituo cha darubini kule Arizona, akachora mistari aliyoiona kwenye Mirihi, na kutangaza kwamba ni mifereji ya viumbe wenye akili wanaovuta maji kutoka barafu ya ncha kwenda mashamba yao. Watu walimpenda sana. Julai 1965 chombo cha Mariner 4 kikapita karibu na kupiga picha. Hakuna mifereji. Jangwa na mashimo tu. Mwaka 1969 Mariner 7 ikathibitisha kwamba sehemu kubwa ya weupe wa ncha ya kusini siyo maji hata kidogo, ni hewa ya kaboni iliyoganda. Ile gesi inayotengeneza mapovu ya soda, ikipoa sana, nayo inakuwa nyeupe kama theluji. Kwa hiyo mtu anaweza kuona weupe wa kweli na akakosea bado.

Ndipo ile hadithi ya Machame inaporudi. Tarehe 25 Mei 2008 chombo cha NASA kinachoitwa Phoenix kilitua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi. Kilikuwa na mkono wa kuchimba. Mwezi Juni kikachimba mtaro mdogo, na chini ya udongo mwekundu pakaonekana vitu vyeupe, vingine vikiwa vipande vya ukubwa wa dadu. Wanasayansi wakabishana, ni barafu au ni chumvi? Hawakuhitaji mashine ya ajabu kujibu. Walisubiri. Siku nne baadaye wakapiga picha tena mahali pale pale, na vile vipande havikuwepo. Chumvi haiondoki yenyewe. Hewa ya Mirihi ni nyembamba na kavu kiasi kwamba barafu ikifunuliwa haiyeyuki, inakuwa mvuke moja kwa moja. Mwishoni mwa Julai chombo kikapasha moto sampuli ya udongo ndani ya tanuri lake, na maji yakathibitishwa.

Barafu ilijulikana kwa kuondoka. Watu wa Machame wangeelewa.

Na sasa Kogo. Mwaka 1961 wanasayansi watatu wa Marekani, Watson, Murray na Brown, waliandika kwamba mwezini huenda kuna barafu, ingawa mwezi ni mkavu kuliko jangwa lolote unalolijua. Walisema kwenye ncha zake kuna mashimo ambayo jua haliingii kamwe. Chembe ya maji ikizurura na kuangukia mle, haitoki tena. Mahali kama hapo wataalamu wanapaita mtego wa baridi. Huulizi weupe uko wapi. Unauliza baridi inalala wapi, kisha unakwenda kuangalia pale.

Ilichukua muda kuthibitisha, lakini mwaka 2009 chombo cha India, Chandrayaan-1, kikiwa na kifaa cha NASA, kilionyesha dalili za maji kwenye udongo wa mwezi, na tarehe 9 Oktoba mwaka huo NASA ikagongesha roketi tupu kwenye shimo moja la giza karibu na ncha ya kusini. Katika vumbi lililoruka kulikuwa na maji.

Cha kushangaza zaidi ni Zebaki, sayari iliyo karibu na jua kuliko zote. Mchana joto lake linafika nyuzi 430, linayeyusha risasi. Mwaka 1991 wanasayansi walituma mawimbi ya rada kutoka duniani, na karibu na ncha ya kaskazini yakarudi yakiwa na nguvu isiyo ya kawaida, vile yanavyorudi kutoka kwa barafu. Mwaka 2012 chombo cha MESSENGER kilichokuwa kikiizunguka kikatoa ushahidi wa nguvu: ndani ya mashimo ambayo jua halifiki, kuna barafu ya maji. Kwenye sayari ya moto! Mteremko unaungua na bonde limeganda. Cooley angecheka mpaka adondoke. Mimi nilikuwa nimeshaacha kucheka.

*

Sasa ile habari iliyonisimamisha.

Katika eneo la Mirihi linaloitwa Tharsis kuna volkano kubwa kuliko zote tunazozijua. Mmoja wao, Olympus Mons, una urefu wa zaidi ya mara mbili ya Everest. Uko upande wa ikweta, mahali ambapo jua na wembamba wa hewa vilifanya kila mtu aseme jalidi haiwezi kushika. Adomas Valantinas, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alikuwa akiangalia picha za chombo cha Ulaya kiitwacho Trace Gas Orbiter. Ndani ya yale makorongo makubwa ya vileleni akaona rangi ya samawati hafifu asubuhi, ambayo baadaye mchana haipo. Yeye na wenzake wakapitia picha zaidi ya 30,000.

Ilikuwa jalidi ya maji. Nyembamba kama unywele wa binadamu, lakini imetandaa pana kiasi kwamba siku za baridi angalau tani 150,000 za maji zinashuka na kupanda kila siku. Maelezo yao ni kwamba upepo unapandisha hewa yenye unyevu kwenye miteremko, na ndani ya yale makorongo kuna hali ya hewa ya kipekee, hivyo unyevu unaganda mle. Mahali pa chini, juu ya mlima. Pale baridi inapolala.

Mbona haikuonekana mapema, na vyombo vimezunguka Mirihi miaka na miaka? Sababu mojawapo ilinifanya niweke simu chini. Vyombo vingi vilivyotangulia vinapita mchana. Kile maarufu cha NASA, Mars Reconnaissance Orbiter, kinapita saa tisa alasiri ya kule, kila siku. Hiki cha Ulaya njia yake inabadilika, kinaweza kupita alfajiri. Kwa miaka mingi tumekuwa tukifika shambani saa tisa na kuandika ripoti kwamba hakuna jalidi.

Hapo ndipo nilipomuelewa Bwana Kheri, au nadhani nimemuelewa. Rebmann alitaka jina la kitu. Bwana Kheri akampa hali ya mahali. Kwa msafiri anayepita chini ya ule mlima, la maana siyo kama ule weupe ni theluji, fedha au mawe. La maana ni kwamba kule kuna baridi ya kuua, usiende bila kujipanga, na waliokwenda hawakurudi. "Baridi" lilikuwa jibu kamili la mtu anayeijua njia. Aliyeandika "tu" ndiye hakusikia swali lingine lililokuwa linajibiwa.

Na Cooley? Shida yake haikuwa kubisha. Tungekuwa bado tunaamini mifereji ya Lowell kama hakuna aliyebisha. Waliobisha kuhusu vile vipande vya Phoenix walibisha vizuri: walisema ngoja tuangalie tena baada ya siku chache. Cooley alibisha na hakwenda kuangalia. Mimi nilibisha, na shamba lilikuwa hatua mia mbili. Sikuuliza hata swali moja la ziada. Sikusema, "Kogo, umeiona mara ngapi? Mwezi gani? Inafika mpaka wapi?" Angenijibu yote. Aliamka alfajiri karibu kila siku ya maisha yake.

*

Januari 2025 nilipanda matatu kwenda Timboroa. Nilikuwa na picha ya Olympus Mons kwenye simu, na nilitaka kumwonyesha.

Alfajiri tuliteremka wote mpaka bondeni, yeye na gambuti zake, mimi nikitetemeka ndani ya jaketi la mtumba. Jalidi ilikuwepo, siyo nyingi, upande wa chini kabisa karibu na kijito, juu ya nyasi za ng'ombe. Nikamwonyesha picha. Nikamweleza kwamba huu ni mlima wa sayari nyingine, na hii samawati ni jalidi, kama hii hapa, na ilikuwa haijaonekana kwa sababu mashine zinapita mchana.

Aliishika simu karibu na uso. "Nani alikuwa ameamka saa hizo huko?"

"Hakuna mtu, Kogo. Ni mashine."

"Basi imefanya vizuri kuamka."

Sikumwambia habari za barafu yetu, lakini nilikuwa nazifikiria. Kilimanjaro imepoteza sehemu kubwa ya barafu iliyokuwa nayo mwaka 1912, asilimia 85 hivi kufikia 2007. Nyingi yake haitiririki hata kidogo, hewa ya kule juu ni kavu, kwa hiyo inakuwa mvuke moja kwa moja, kama vile vipande vya Phoenix. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa ripoti kwamba barafu za milima ya Afrika Mashariki huenda zikaisha kabisa kufikia miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya muongo mmoja mapema zaidi. Mimi nitakuwa na miaka arobaini na kitu. Wajukuu zangu watasoma kwamba kulikuwa na theluji kwenye ikweta, wataangalia juu na kuona mawe, na watabisha wakiwa na hoja nzuri sana. Nitakuwa sina cha kuwaonyesha. Nitabaki na neno.

Jua lilipanda juu ya miti ya misindano. Weupe ukaanza kuondoka kutoka upande wa mashariki, majani yakabaki na maji, kisha yakakauka.

"Na yule mtoto wa Marekani," Kogo akauliza tukipanda mteremko, maana nilikuwa nimemweleza kila kitu, "alipita?"

"Sijui, Kogo. Huwa hawatuambii."

Alitembea kidogo kimya. Kisha akaninyooshea kidole mpaka wa shamba upande wa magharibi, kwenye kipande kilichojaa magugu, akasema pale baridi inapita lakini hailali.

Safari hii nilitoa daftari. Nikamuuliza imepita mara ngapi, na ni miezi gani.